Wathome Akimngoja Maweu

Mzee wangu alikuwa anaitwa Wathome. Hilo jina mimi sikulitaja kwa mdomo wangu tangu anioe, kwa sababu mama yangu alinilea nikijua kwamba mwanamke akimwita mume wake kwa jina ni kama anamwita mtoto wa jirani. Miaka ya kwanza nikimtaka nilikuwa nakohoa tu, naye anageuka. Alipozaliwa msichana wetu Kamene nikaacha kukohoa. Nikamwita Baba Kamene, akaniita Mama Kamene, na hayo ndiyo majina tuliyojuana nayo. Watu waliokuja kukaa Kitengela juzi wanasema hayo ni mambo ya kizamani. Waseme.

Alizaliwa Masii, kule Machakos, nyumba tatu kutoka kwetu. Uhuru ulipoingia alikuwa ameshaandikwa jeshi, yeye na kijana mwingine wa kijiji hicho hicho, Maweu wa kwa mfua vyuma. Hawakukaa sana kambini. Wakapelekwa upande wa Garissa, kwenye vita vya shifta, wale wapiganaji waliotaka upande huo ujitenge na Kenya. Mimi alinioa akiwa likizo, kwa haraka, akaniacha na mama yake na mbuzi, akarudi jangwani. Kwa hivyo nilikuwa bibi wa mtu ambaye sura yake nilikuwa naisahau nikichota maji.

Habari za vita hakupenda kuzisema. Kamene akiwa mdogo alimuuliza kama aliua watu, akamwambia aliona ngamia wakipigwa risasi na wenye ngamia wamesimamishwa pembeni wanatazama, basi. Lakini moja aliirudia mara nyingi, hata bila kuulizwa, na ni hiyo ya Maweu.

Walikuwa wanalinda kisima cha serikali kando ya barabara ya mchanga. Sheria ya ulinzi ilikuwa hivi: huwezi kutoka mahali pako mpaka mwenzako wa zamu afike, asimame mbele yako, aseme, "Nimefika, pumzika." Kama hajasema hivyo wewe hujamaliza, hata ukianguka. Asubuhi hiyo mwenzake wa zamu alikuwa Maweu. Mzee wangu aliona vumbi la lori likija kutoka kambini, likija, likija. Kisha akasikia mlio, na vumbi likaacha kuja, likapanda juu likasimama kama mti. Lori lilikuwa limekanyaga bomu la ardhini. Na yeye hangeweza kwenda kuona, kwa sababu kisima kilikuwa chake. Alikaa hapo jua likapanda, likashuka. Wakati askari wengine walipofika walikuwa wanakimbia, wakamwambia panda gari. Akapanda.

"Hakuna mtu aliniambia nipumzike," alikuwa anasema. "Waliniambia panda gari."

Mimi nilikuwa namwambia jeshi limemaliza na wewe zamani, kula chakula. Anakula.

Alitoka jeshi na sikio la kushoto likiwa limekufa. Akasikia kuna kiwanda cha ngozi kinaandika watu huku nyanda za Kitengela, akaja, nami nikamfuata. Wakati huo Kitengela ilikuwa maduka machache na ng'ombe wa Wamasai wakipita katikati ya barabara kama wenye mji, na kweli walikuwa ndio wenye mji. Yeye aliwekwa kwenye mashimo ya chokaa, pale ngozi mbichi zinapolowekwa mpaka manyoya yaachie. Ni kazi ya kusimama ndani ya harufu. Ukifua nguo zake harufu inakaa kwenye beseni. Wanawake wengine walikuwa wananiuliza ninalalaje na huyo mtu, nawaambia nalala vizuri kuliko nyinyi, wangu anarudi nyumbani.

Huko kiwandani ndiko alipopata jina lake lingine. Wakati wa kubadilisha watu, msimamizi alikuwa anasimama mlangoni anaita kwa sauti kubwa, "Shifti! Shifti!" Wiki ya kwanza mzee wangu, na lile sikio lake moja, akasikia shifta. Akajirusha chini kati ya ngozi zenye maji, akamvuta na mtu wa karibu naye chini. Huyo mtu alikuwa Musila, na walipoinuka wote wawili walikuwa weupe kwa chokaa kama mizimu. Kiwanda kizima kilicheka. Tangu siku hiyo wakamwita Shifta, na Musila akawa rafiki yake wa kufa. Miaka yote, saa ya kutoka, Musila alikuwa anasema, "Mzee, shifta hao wamefika," naye anajibu, "Waambie wangoje nivae kofia." Walicheka hiyo kitu kila siku kama ni mpya. Mimi niliiona ya kijinga, lakini sikuwa mimi niliyesimama kwenye chokaa.

Na kitu kingine. Hakuwa anaacha shimo lake mpaka mtu wa zamu nyingine afike asimame hapo. Wenzake wakisikia king'ora wanakimbilia geti, yeye amesimama. Mwenzake akichelewa, anangoja. Ugali unakuwa baridi nyumbani, namwambia wewe hukunioa mimi, ulioa chokaa. Anasema, "Mama Kamene, mahali pa mtu hapaachwi hivi hivi."

Ile miaka ya tisini ikiisha kiwanda kikafungwa. Mashine zilinyamaza siku moja na watu wakaambiwa waende nyumbani. Hakuna aliyekuja kusimama kwenye shimo lake, ni Musila aliyemshika mkono wakatoka. Tulikuwa na ploti yetu ndogo tuliyouziwa na Mmasai mmoja, na nyumba ya mabati, na jirani yetu wa karibu alikuwa Naserian, ambaye tulikuwa tunachukua maziwa kwake. Mzee wangu akawa anakaa kwenye stuli karibu na geti. Mji ukaanza kukua mbele ya macho yake. Nyumba za mawe zikapanda kila mahali, na hayo mawe yalikuwa yanatolewa kwenye machimbo nyuma ya boma la Naserian. Mchana walikuwa wanapasua mwamba kwa baruti. Sahani zinalia kwenye rafu, kuku wanatawanyika, halafu malori ya mawe yanapita.

Mwanzo hakujali, kwa sababu ya lile sikio. Kisha machimbo yakasogea karibu.

Siku moja baruti ikalia, na kwa sababu hakukuwa na upepo vumbi likapanda juu wima, likasimama. Nilikuwa nachambua maharagwe. Nikamuona mzee anasimama kutoka kwenye stuli, anachukua fimbo yake, anaiweka begani, anasimama kwenye geti ametazama barabara. Nikapika, yakaiva, nikamwita, "Baba Kamene, chakula." Hakugeuka. Nikafikiri ni sikio. Nikaenda upande wa sikio zima nikaita tena.

Akaniangalia kwa heshima. "Mama," akasema, "hapa hakuna mtu wa jina hilo. Rudi nyuma, barabara ni mbaya."

Nikacheka. Nikamwambia aache mchezo, chakula kinapoa.

"Mimi sina mtoto, mama. Nimeoa juzi tu."

Jioni akarudi kuwa yeye, akaniuliza kwa nini maharagwe ni baridi. Nikayapasha moto. Lakini siku nyingine akaenda tena, na tena, na ikafika mahali anaenda zaidi ya vile anarudi. Na mimi nikaanza kuelewa shida yangu iko wapi. Huko alikokuwa amerudi, Kamene alikuwa hajazaliwa. Kwa hivyo hakukuwa na Baba Kamene, na Mama Kamene hakuwa mtu.

Kamene ameolewa Kajiado na anafundisha huko. Alitupeleka hospitali ya huko kwa daktari, kijana mpole. Akamuuliza mzee rais ni nani, mzee akampa jina la yule wa kwanza kabisa, na akamwuliza daktari kwa nini hajui. Daktari akatuambia ni ubongo umechoka, dawa yake hakuna, tumpe chakula na tusimwache apigwe na baridi kwa sababu kifua chake kimeshaliwa na chokaa. Basi. Tukarudi na hayo. Kamene akataka tumfungie ndani au ampeleke kwake. Nikakataa. Nilimwambia baba yako si ng'ombe wa kufungiwa, na mimi sijashindwa. Alilia, lakini hakunishinda.

Kumbe nilikuwa nimeshindwa, sikuwa nimejua tu.

Mwezi wa saba ni wa baridi, na Kitengela hakuna mti wa kuzuia upepo. Unatoka huko Kajiado unakuja umenyooka. Yeye alikuwa anasimama kwenye geti tangu asubuhi. Nikimpelekea blanketi anakataa, askari wa zamu hajifuniki. Chakula alikuwa anakula akiwa amesimama, na ananishukuru.

"Asante mama. Mungu akubariki. Hii nyumba ni ya nani?"

"Yangu na mzee wangu."

"Mzee yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Atarudi," ananiambia, ananitia moyo.

Vijana wa malori ya mawe walikuwa wakipita wanapunguza mwendo. "Sajini, leo shifta wangapi?" Naye anawajibu bila kucheka kwamba hajaona mtu, lakini wasipite njia ile, imewekwa mabomu. Wanacheka mpaka kwenye kona. Mara moja niliwamwagia maji ya kuoshea vyombo, yakanirudia na upepo. Naserian alikuwa anakuja na kibuyu cha maziwa, anamsalimia kwa Kimasai, "Sopa, mzee," naye anajibu "Epa" vizuri kabisa. Huyo alimkubali, alifikiri ni mwenyeji wa mahali. Ni mimi tu hakujua aniweke wapi.

Akaanza kukohoa. Kukohoa kwa kukunja magoti, halafu ananyooka tena na fimbo begani. Niliona nikimwacha hapo kwenye geti huo upepo utamaliza kile kifua, na nilitaka tu aingie ndani akae karibu na jiko. Sikuwa nataka kitu kingine.

Kwa hivyo siku moja nilikwenda nikasimama mbele yake, nikafunga macho, nikasema, "Wathome."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeliweka hilo jina. Nilifikiri likitoka litamvuta.

Akageuka haraka. "Umenijulia wapi, mama?" akauliza. Akarudi nyuma hatua moja na akashika fimbo vizuri. Jina lake kwa mdomo wa mwanamke asiyemjua lilimtia wasiwasi. Siku hiyo hata chakula changu hakula.

Nikamwita Musila. Alikuja akitembea polepole, naye mzee, akamkuta mwenzake amesimama. Akafikiri ule mchezo wao ndio utamrudisha. Akamwambia kwa furaha, "Mzee, shifti imekwisha."

Nilichelewa kumzuia. Mzee wangu alisikia shifta. Akamrukia Musila akamwangusha kwenye mawe, akamlalia juu, akamfunika kichwa kwa mikono yake ili risasi zimpate yeye. Musila alianza kucheka pale chini, kama ile siku ya chokaa. Halafu akasikia vile moyo wa mwenzake unavyogonga, akaacha. Tulipowainua, Musila alikuwa ameumia ubavu. Alikaa jikoni kwangu ameshika chai bila kuinywa.

"Mama Kamene," akasema, "huyu hangojei shifti. Anangojea Maweu."

"Maweu alikufa."

"Najua. Wacha mimi niwe Maweu."

Nikamwambia hapana. Mimi ni mtu wa kanisa, na jina la marehemu si koti la kuazima. Musila hakubishana, alinijua. Lakini kikohozi kilibishana nami. Ilifika asubuhi moja nikamkuta ameshikilia mlingoti wa geti kwa mikono miwili ndiyo asianguke, na midomo ni ya rangi ya majivu. Nikamtuma Naserian aende amwite Musila, na nikamwambia amwambie ni sawa.

Nilipanga kila kitu. Niliwasha jiko, nikaweka kiti chake karibu, blanketi juu ya kiti, uji kwenye kikombe. Nikaacha mlango wazi nikasimama hapo. Musila akatokea upande wa machimbo, kwenye barabara ya vumbi, amevaa kofia ya zamani ya kiwanda, anajaribu kutembea kama kijana na ubavu unamuuma. Akaja mpaka mbele ya mzee akasimama wima.

"Nimefika," akasema. "Pumzika."

Mzee wangu alimwangalia kwa muda mrefu. Nilifikiri hatakubali. Kisha akanyoosha mkono akamshika shavu.

"Maweu. Umechelewa."

"Gari iliharibika."

"Umezeeka, ndugu yangu."

"Ni vumbi," Musila akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mzee akampa fimbo. Akapiga saluti, mkono umenyooka. Na uso wake, hata leo siwezi kuueleza vile ulivyokuwa. Ulifunguka. Nikasema Mungu nisamehe ule uongo, ameachiliwa, sasa ataingia.

Hakuingia. Aligeuza mgongo kwa nyumba, akashika barabara kuelekea Athi River.

Nikapiga mbio na blanketi. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema likizo. Yuko na bibi nyumbani, Masii, anaitwa Nzembi.

Nzembi ni mimi. Hilo jina langu sikuwa nimelisikia kwake tangu Kamene azaliwe.

Nilimwangalia Musila, lakini angefanya nini? Angemwambia arudi, na yeye ndiye aliyemwambia apumzike? Alibaki kwenye geti na fimbo. Nikamfuata mzee wangu. Alikuwa anatembea kwa nguvu sijui alizitoa wapi, anakohoa, anatembea. Tulipofika barabara kubwa akaona niko nyuma yake, akaningoja.

"Mama, unaenda mbali?"

"Masii."

"Basi tufuatane. Hii njia si nzuri kwa mwanamke."

Akatembea upande wa magari, mimi akaniweka upande wa nyasi. Akaniambia habari za bibi yake. Ati ni mkaidi, hata mama yake anamwogopa. Ati hajui kama atamkumbuka, walikaa pamoja muda mdogo.

"Anakukumbuka," nikasema.

"Unamjua?"

Sikutaka uongo mwingine siku hiyo. Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Ni mimi. Mimi ndiye Nzembi."

Aliniangalia uso, na kitambaa changu cha kichwa, na miguu. Akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemzuia mkubwa wake asiaibike.

"Mama," akasema, "bibi yangu ni msichana."

Nikamwekea blanketi mabegani. Safari hii alikubali, kwa sababu hakuwa kwenye zamu. Tukaendelea. Malori yalikuwa yanapita na upepo wake. Karibu na daraja miguu ikamwishia, akaketi kwenye ukingo wa barabara, na hakuweza kuinuka, na mimi sikuweza kumwinua. Nilijaribu. Mimi ni mtu mwenye nguvu, nimebeba mitungi, nimebeba mawe ya kujengea choo changu mwenyewe, lakini huyo mzee aliyekuwa amebaki mifupa alinishinda.

Lori la mawe lilikuwa linarudi tupu kutoka Athi River. Ni wale wale vijana. Walimtambua wakasimama, na hakuna aliyecheka. Mmoja aliruka chini akamshika kwapani, pole pole kama anashika baba yake. Akasema vile mtu yeyote angesema.

"Haya Sajini, panda gari."

Nikaona ule uso unafungika.

"Nilikuwa nimeachiliwa," mzee wangu akamwambia yule kijana. "Maweu alifika. Muulize huyu mama."

Kijana akaniangalia. Nikasema ni kweli. Lakini tulimpandisha, kwa sababu tungefanya nini, na gari likageuza uso wake kule alikotoka.

Aliingia ndani ya nyumba hatimaye, amebebwa. Alikaa karibu na jiko nililokuwa nimewasha. Hakusimama tena. Kamene alikuja kutoka Kajiado, baba yake akamsalimia "mwalimu" kwa sababu alimwona na vumbi la chaki mkononi. Mimi nilimpa uji kwa kijiko, naye alikuwa ananishukuru kila kijiko. Siku aliyokufa, ilikuwa mchana na baruti zilikuwa zimenyamaza, aliniita karibu.

"Mama, ukifika Masii umwambie Nzembi nilikuwa nimepewa likizo. Gari ndiyo ilinirudisha."

Nikamwambia nitamwambia.

Tulimzika Masii. Musila alikuja na ile fimbo, alikuwa hajaiacha. Watu walipotawanyika akabaki pale kaburini ameishika, akaniuliza sasa ampatie nani. Alirudi nayo Kitengela.